Sakura Hana Deni la Mtu

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mnaokaa bado kwenye oditware, leo naomba niandike juu ya katuni. Najua hapa tumezoea mambo mazito: kazi haipatikani, memwari haiishi, diplome inalala kwenye plastiki yake mwaka wa tatu sasa. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu G1, na kila nikikaa na wenzangu wa promosiyo naona hata wao wako nalo. Wengi wetu tulijifunza mapenzi kwenye anime. Kwa wazazi hatukujifunza, juu wazazi wetu hawakuongea mambo hayo mbele yetu. Shuleni pia hapana. Tulijifunza usiku, kura ikiwa imerudi, laptopu ya mtu mmoja, na watu sita tumebanana kitandani kuiangalia.

Mimi nilijifunza vibaya. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa mtu wa Naruto na Sakura. Wenye kujua wameshacheka. Kwa wasiojua, nitaeleza haraka. Naruto ni hadithi ya Masashi Kishimoto. Ilianza kutoka mwaka 1999 katika gazeti la Weekly Shonen Jump kule Japani, ikaisha Novemba 2014 kwenye sura ya 700. Anime yake ni epizodi 220 za utotoni, kisha 500 za Shippuden zilizoisha mwaka 2017. Sisi tulizipata kwa Kifaransa, au kwa Kijapani yenye maandishi ya Kifaransa chini, zikihama kutoka flashi moja kwenda nyingine mpaka flashi yenyewe inakufa.

Ndani mna vijana wanne ambao ndio walitugombanisha. Naruto ni yatima, kijiji kizima kinamchukia kwa sababu ya mnyama aliyefungiwa ndani ya tumbo lake. Anampenda Sakura. Sakura anampenda Sasuke. Sasuke hapendi mtu, anataka kisasi. Na pembeni, nyuma ya mti, kuna Hinata, anayempenda Naruto tangu utotoni bila kufungua mdomo. Mzunguko mzima ni huo. Kila mtu anamtazama mtu ambaye anatazama kwingine.

Mashabiki wa anime wako na neno lao: kushipu. Maana yake ni kuchagua wahusika wawili, kuwatakia wapendane, kisha kutetea chaguo hilo kama mtu anavyotetea timu yake ya mpira. Majina ya wawili yanaunganishwa linakuwa jina moja: NaruSaku, NaruHina, SasuSaku. Msidhani ni ugonjwa wetu sisi peke yetu. Japani kwenyewe, soko la Comiket kule Tokyo lilianza mwaka 1975, na mpaka leo mashabiki wanauziana pale vitabu walivyochora wenyewe, na vingi vinaunganisha wahusika ambao mwandishi hakuwaunganisha. Msomaji anaona nafasi tupu katika hadithi, anaijaza. Ni kazi nzuri, na sitaitukana katika andiko hili. Nataka tu kusema nilivyoifanya mimi.

Mimi niliifanya kama mwanasheria. Nilikuwa na kidaftari. Upande mmoja nimeandika tarehe za interogasiyo, upande wa pili ushahidi wa kwamba Sakura atamkubali Naruto. Ushahidi haukukosekana. Katika vita kubwa ya mwisho, roho ya Naruto inapotaka kutoka, ni Sakura anayempasua ubavuni na kuusukuma moyo wake kwa mkono, pigo kwa pigo, usisimame. Katika vita hiyohiyo baba yake Naruto, Minato, anarudishwa kutoka kwa wafu, anamwona Sakura na kumuuliza mwanawe kama huyu ndiye mpenzi wake. Naruto anajibu kama vile ndiyo, Sakura anampiga. Mimi niliandika: "Baba mkwe ameshakubali." Na juu ya kurasa zote niliandika ushahidi mkubwa kuliko wote: miaka ambayo Naruto alikuwa amengoja.

Angalieni vizuri hapo. Ushahidi wangu mkubwa haukumhusu Sakura hata kidogo. Ulihusu gharama ya Naruto. Amengoja sana, amepigwa sana, amemwahidi kumrudishia Sasuke na karibu afe kwa ahadi hiyo. Basi Sakura anapaswa kumlipa. Sikuandika neno "kulipa", lakini hesabu yote ilikuwa ya muuza duka anayefuatilia deni.

Sasa niwaambie kitu ambacho wenzangu wa homu wanakijua na sikuwahi kukisema mwenyewe.

Katika promosiyo yetu kulikuwa na dada mmoja. Jina lake halina kazi hapa. Mwaka 2016, tukiwa G1, nilimwambia nampenda. Alinijibu kwa heshima: hapana, wewe ni ndugu, tusome. Mtu mwingine angeumia wiki mbili akasonga mbele. Mimi nilirudi chumbani, nikafungua laptopu, na pale Naruto alikuwa ameanguka kwa mara ya mia na anainuka tena. Nikasema: sawa, nimeelewa.

Nikaanza kazi. Asubuhi nilifika saa kumi na mbili na nusu kumshikia nafasi mbele. Profesa akitoa silabisi, mimi nalipa mbili. Mvua ikinyesha, mwavuli ni wangu, mvua ni yangu, yeye anafika mkavu. Hakuniomba hata kimoja. Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili alikataa, mara ya tatu alichoka kubishana mbele ya watu akapokea. Nami nikahesabu kupokea kwake kama hatua. Wenzangu walinitia moyo. "Mvumilivu hula mbivu," waliniambia, na mimi nilikuwa nimeshaanza kunusa lile embe.

Ilikuwa mwisho wa G2, wiki moja kabla ya sesiyo. Aliniita nje ya oditware, chini ya ule mti ambapo watu hufanyia kopi za mwisho. Alikuwa na bahasha.

"Hizi ni za silabisi zote tisa," akasema. "Franka 43,000. Hesabu hapa hapa, kama kunapunguka uniambie."

Nikamwambia sikumpa nikitaka anirudishie.

"Ulikuwa unataka kitu. Nilikuambiaka tangu G1 kama hapana. Weye ulizani hapana yangu ni sesiyo ya kwanza, eti utapita mu ya pili?"

Sikuwa na jibu. Aliongeza jambo moja, tena kwa sauti ya chini, bila hasira. Alisema kwa miaka miwili hakuna kijana mwingine aliyethubutu kukaa karibu naye, juu kila mtu alijua yeye ni "wa" fulani. Alisema hata rafiki zake wa kike walimwona mbaya, mtu asiye na shukrani. Kisha akarudi ndani kusoma. Mimi nilibaki na bahasha.

Nilipita sesiyo kwa shida. Wakati wa likizo, sina la kufanya, nikaanza Shippuden upya. Nilitaka kulia kidogo pamoja na ndugu yangu Naruto, tuliokataliwa wote. Nikafika epizodi ya 206.

Nilikuwa nimeiona mara nne kabla ya siku ile. Naruto na walimu wake wako katika Nchi ya Chuma, theluji kila mahali. Sasuke ameshakuwa mhalifu anayetafutwa na dunia nzima. Mwenzao mmoja, Sai, amemwambia Sakura ukweli mgumu: ile ahadi ya Naruto ya kumrudisha Sasuke imekuwa mzigo unaomkandamiza kama laana, na aliyemtwika ni yeye Sakura. Basi Sakura anasafiri mpaka kule kwenye baridi, anasimama mbele ya Naruto na mbele ya watu, anamwambia anampenda. Anampenda yeye, Sasuke amemsahau, ahadi iishe, turudi nyumbani.

Ndicho kitu nilichokuwa nakingoja kwenye kidaftari changu. Ukurasa wa mwisho. Malipo yamefika.

Na Naruto anakataa.

Anamwambia kwamba huo ni mzaha usiochekesha, na kwamba yeye hapendi watu wanaojidanganya wenyewe. Sakura anashika uongo wake, anamkumbatia, anasisitiza. Naruto hakubali. Kuhusu ahadi, anasema ahadi siyo sababu pekee ya kumtafuta Sasuke, yeye mwenyewe anataka kumwokoa. Maana yake Sakura hana mzigo wowote wa kumtua. Hana cha kulipa.

Mara nne za kwanza niliiandika epizodi hii upande wa ushahidi. Niliandika: "Sakura amekiri, tatizo ni wakati tu." Naona haya hata sasa. Mwandishi amechora tukio zima ili kuonyesha mapenzi ya malipo yanafananaje, na kijana anayeyakataa ndiye yule niliyejidai kumwiga. Naruto, ambaye hakupata kitu maisha yake yote, anawekewa mbele alichokitamani tangu utotoni, anakitazama, anajua kimetoka kwenye huruma na hatia, anasema hapana. Mimi nilipewa hapana ya wazi, nikaihesabu kama ndiyo iliyochelewa.

Nimefikiri sana kwa nini sikuliona tukio hilo. Jibu langu ni hili. Gazeti lile la Jump linajulikana kwa maneno matatu ambayo hadithi zake zinajengwa juu yake: urafiki, juhudi, ushindi. Mashujaa wengi tuliowapenda wametoka humo: Goku, Luffy, Ichigo, Naruto. Kanuni yao ni moja. Ukianguka, inuka. Ukishindwa, fanya mazoezi. Dunia itakukataa mara tisa na mara ya kumi itakufungulia mlango. Kwa kijana wa kwetu anayesoma bila umeme, bila basi, na minerval haijalipwa, kanuni hii ni chakula. Sitaki mtu aninyang'anye. Nimemaliza memwari yangu kwa kanuni hii.

Lakini mlango hauna moyo, na mtihani hauna mtu mwingine ndani yake anayetaka kitu tofauti. Ukiichukua kanuni ya juhudi na ushindi ukaiingiza katika mapenzi, unamgeuza mtu kuwa mashindano. Hapana yake inakuwa kizuizi cha njiani, kama yule adui wa epizodi ya 30 ambaye shujaa lazima amshinde ili aende epizodi ya 31. Na ile methali yetu tuliyoipenda, tukiisoma tena, inamsifu mtu anayengoja tunda. Tunda haliulizwi kama linataka kuliwa. Dada yule aliulizwa, akajibu.

Tusimsifu Kishimoto kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakubaki juu ya kile kilima cha theluji. Baada ya kuandika tukio la kweli kuliko yote katika mambo ya mapenzi ndani ya kitabu chake, aliendelea akaandika Sakura na Sasuke, na hapo, kwa maoni yangu, hadithi iliteleza katika kosa lilelile la kwangu.

Hesabuni. Muda mfupi baada ya kukataliwa na Naruto, Sakura anakutana na Sasuke darajani. Sasuke anataka kumuua kutoka nyuma, Kakashi anafika na kumzuia. Baadaye, mwisho wa vita, Sakura anamwambia tena anampenda, anamsihi asiende. Sasuke anamlaza kwa jicho lake, katika maono anamtoboa kifua kwa mkono. Kisha anapigana na Naruto, anashindwa, na Sakura anapokuja kuwatibu wote wawili, Sasuke anamwomba msamaha. Neno moja la msamaha. Sura ya mwisho tunawakuta na binti, Sarada. Katika hadithi fupi iliyofuata mwaka 2015 tunajua kwamba baba huyo amekuwa safarini miaka mingi, mpaka mtoto hamfahamu uso na anafikia kujiuliza kama Sakura ni mama yake kweli.

Wapenzi wa SasuSaku watanishambulia, nawajua, wengine tumekula pamoja. Watasema Sakura alichagua mwenyewe, na mtu anayependa haweki masharti. Nakubali kwamba alichagua. Ninacholalamikia ni kwamba mwandishi hakutuonyesha Sasuke akichagua. Tunamwona akiomba msamaha, kisha akimgusa Sakura paji la uso kwa vidole wakati wa kuaga, ishara aliyoirithi kwa kaka yake. Nzuri, inagusa moyo, lakini ni fupi kuliko pambano moja la Rock Lee. Mtu aliyetaka kumuua anakuwaje mume? Ni lini alianza kumtazama? Amependa nini ndani yake? Ukurasa huo haupo. Kilichopo ni uvumilivu wa Sakura, na tunaombwa tuamini kwamba uvumilivu ukijaa debe, mapenzi ya upande wa pili yanatokea yenyewe. Huo ndio uongo niliouishi mimi kwa silabisi tisa. Ukiwa umeandikwa kwa upande wa mwanamke unaitwa uaminifu, na tunaupigia makofi.

Hinata je? Hapa nilikuwa mkali bila haki. Watu wa NaruSaku tulimwita "zawadi ya mwisho wa mchezo". Leo namwona tofauti. Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hinata alikohoa epizodi mia na Naruto hakusikia. Lakini tazameni epizodi ya 166. Pain amemchoma Naruto vyuma mpaka ardhini. Hinata anaingia peke yake akijua atakufa, na anasema sababu: anampenda. Hamuulizi jibu. Hamwambii "nimekungoja miaka hii yote". Anasema, anapigana, anaanguka. Katika wote wanne yeye peke yake anatoa bila kuandika kwenye daftari.

Kosa la hapo ni la Naruto, na ni la mwandishi. Baada ya kukiri kule, vita inaendelea, miaka ya usomaji inapita, na Naruto harudi kukaa naye hata dakika tano kumwambia amesikia. Jibu tunalipata katika filamu, The Last, iliyotoka Desemba 2014, wiki chache baada ya sura ya mwisho. Ndani yake ndipo Naruto anageuka kumwona: skafu nyekundu anayomfumia, miaka yote aliyokuwa pembeni. Filamu ni nzuri, nimeilia. Ila mwandishi wa sura 700 aliyeacha swali kubwa la moyo lijibiwe nje ya kitabu, ametuachia mashabiki kazi ya kuziba pengo, kisha watu wanatushangaa tunavyogombana. Pengo mmeliacha ninyi, sisi tunalijaza na tulicho nacho. Mimi nilichokuwa nacho kilikuwa daftari la madeni.

Na bado ndani ya hadithi hiyohiyo kuna mapenzi yaliyoandikwa sawasawa, tena kwa kurasa chache. Kushina, mama yake Naruto, anamsimulia mwanawe namna alivyompenda Minato. Alikuwa mgeni kijijini, watoto walimcheka kwa nywele zake nyekundu, wakamwita nyanya. Siku moja maadui walimteka. Njiani alikuwa anaangusha unywele mmoja mmoja. Minato peke yake aliuona, akaufuata, akamwokoa, na akamwambia nywele zake ni nzuri. Wasomaji wengi wanakumbuka kuokolewa. Mimi nakumbuka kwamba aliuona unywele. Wengine waliziona nywele zile kama kichekesho, yeye alizijua kiasi cha kuzitambua chini, usiku. Mimi katika miaka miwili sikujua yule dada anapenda kozi gani. Nilijua bei ya silabisi yake.

Kama unataka kuona anime inayolikabili jambo hili mpaka mwisho, toka kidogo kwenye vita uende Fruits Basket ya Natsuki Takaya. Msiogope jina, wala wale watakaokuambia ni anime ya wasichana. Ile ya 2019 mpaka 2021 ina epizodi 63 na inasimulia kitabu chote. Tohru ni msichana yatima anayeishi ndani ya hema, anapokelewa na familia ya Sohma ambayo baadhi ya watu wake hugeuka wanyama wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine. Vijana wawili wa nyumba ile, Yuki na Kyo, wanavutwa kwake. Kila shabiki, tangu epizodi ya kwanza, anachagua mmoja. Mimi nilimchagua Yuki, kijana mpole, mwenye adabu, aliyeumizwa utotoni.

Kisha Yuki anafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwa shujaa wa Jump. Anajichunguza. Katika msimu wa pili anamweleza rafiki yake Kakeru kwamba alichokitafuta kwa Tohru kilikuwa mama. Mama yake mwenyewe hakumpenda, na yule msichana alikuwa wa kwanza kumpa joto lile, basi yeye akalivalisha joto hilo nguo ya mapenzi. Anaona aibu, lakini anasema. Na baada ya kusema, hamchukii Tohru, hamwambii anamdai. Anamwachia njia na kumpenda kama mtu wa familia, na baadaye anajifunza kumwona msichana mwingine, Machi, ambaye ana majeraha yake.

Nilipofika pale nilisimamisha laptopu. Nikajiuliza swali ambalo kwa miaka miwili sikujiuliza: yule dada, mimi nilitafuta nini kwake? Jibu halikuwa zuri. Nilitoka kijijini, sikujua mtu pale kampusi, na siku ya kwanza ndiye aliyenionyesha ofisi ya maandikisho iko wapi. Alinitendea wema wa dakika kumi. Mimi nikaugeuza kuwa mkataba.

Najua majibu mawili yatakuja. La kwanza: "Ni katuni tu, unazidisha." Anayesema hivyo aniambie ni wapi kijana wa miaka kumi na tisa, katika mji wetu, anaona mtu akikiri mapenzi na kukataliwa na kubaki na heshima yake. Kwenye nyimbo tunazocheza? Mara nyingi pale anayekataliwa analaani. Kwenye filamu za nyumbani? Anayekataliwa anakwenda kwa mganga. Hadithi tunazotazama mara nne nne zinatuachia mwendo, hata kama tunajiona tunacheka tu.

La pili ni zito zaidi, na nimelisikia kwa baba mdogo wangu: "Mama yako alikataa mara tatu. Baba yako asingevumilia wewe usingekuwepo." Sipigani na baba mdogo. Ila siku moja nilimuuliza mama mwenyewe. Alicheka akasema: mara ya kwanza alikataa kwa sababu alikuwa na masomo, na alimwambia baba arudi akimaliza. Baba alirudi alipomaliza. Katikati hakukanyaga mlango wao. "Alisikia nilichosema," mama akasema. Kumbe ule uvumilivu tunaosimuliwa na wanaume ulikuwa na maneno ya mwanamke ndani yake, yakakatwa njiani.

Kwa hiyo mashabiki wenzangu, sisemi tuache kushipu. Mimi sijaacha. Nikiona wahusika wawili wanatazamana sekunde moja zaidi ya lazima, bado naruka kitandani kama mtoto. Ila nimebadilisha ninachoandika kwenye kidaftari. Zamani nilihesabu alichotoa mmoja. Sasa natafuta mahali ambapo mmoja amemwona mwenzake: unywele chini, kikohozi kilichosikika, hapana iliyopokelewa kama hapana. Ukianza kusoma hivyo, utagundua wapenzi wengi maarufu wa anime wanakosa alama, na wengine waliopewa dakika mbili tu wanapita kwa distinction.

Yule dada tulionana siku ya kutoa diplome. Alikuja na mchumba wake, tukapiga picha ya promosiyo. Nilimwomba msamaha pale, kwa kifupi, bila hotuba, na sikungoja aniambie chochote. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza, akicheka, kama bado naangalia zile katuni zangu. Nikamwambia ndiyo. Akasema yeye alikuwa anaziangaliaka tangu sekondari. Timu yake ilikuwa Hinata.

Miaka mitano tumekaa oditware moja, na sikuwahi kumuuliza.